Kusambaza na kutangaza filamu ya Australia: mwongozo kamili kwa mtayarishaji huru

Filamu ndefu ya kwanza duniani ilionyeshwa Melbourne, katika ukumbi wa Athenaeum, tarehe 26 Desemba 1906. Iliitwa The Story of the Kelly Gang na ilichukua zaidi ya saa moja, wakati picha nyingi za enzi hizo zilikwisha kwa dakika chache. Kwa miaka kadhaa Australia ilikuwa mstari wa mbele katika kutengeneza filamu. Kisha, mwaka 1913, kampuni kubwa za usambazaji na za kumbi ziliungana. Muungano huo ulipata picha za Marekani na Uingereza kwa bei nafuu, nyingi zikiwa zimeshalipa gharama zake kwao, kwa hiyo haukuona sababu ya kuwapa nafasi watengenezaji wa nyumbani. Mwaka 1927 serikali iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza malalamiko, lakini filamu za Australia ziliendelea kudidimia mpaka fedha za umma zilipoingia miaka ya 1970.

Hali hiyo haijaisha. Filamu za Australia kwa kawaida huchukua asilimia 4 hadi 5 tu ya mapato ya kumbi za nchi yenyewe. Mwaka mbaya kama 2004 zilishuka hadi asilimia 1.3, mwaka mzuri kama 2015 zilifika 7.2. Sehemu yote iliyobaki ni ya wageni, hasa Marekani, wanaotua Sydney wakiwa na trela, yaani vipande vifupi vya kutangaza filamu, ambazo dunia nzima imeshaziona. Mwongozo huu ni kwa mtayarishaji mwenye filamu ya bajeti ndogo au ya kati anayetaka kupenya humo: Mwaustralia wa kuzaliwa, au mwenzetu Mkongo, Mrundi, Mkenya au Mtanzania aliyehamia kule na sasa ameshika kamera.

Hatua ya 1: Mtaje mtazamaji kabla ya kuandika bajeti

Kaa na mwandishi na mwongozaji wako mjibu swali moja kwa sentensi isiyozidi mistari miwili: nani atatoka nyumbani, atalipa maegesho, atanunua tiketi na kuiona filamu hii wiki ya kwanza? "Kila mtu" si jibu. "Vijana" nalo ni pana mno. Jibu linalofaa linasikika hivi: wanawake wa zaidi ya miaka 50 wanaokwenda sinema mchana katikati ya wiki; familia zenye watoto wa miaka 7 hadi 12 wakati wa likizo; mashabiki wa filamu za kutisha wanaofuatana mitandaoni.

Chukua Red Dog ya mwaka 2011, iliyovuna zaidi ya dola milioni 21 za Australia. Hadithi yake ni ya mbwa aliyependwa na wafanyakazi wa migodi ya Pilbara, Australia Magharibi. Mzee anaielewa, mtoto anaielewa, mtu wa shamba na wa jiji wote wanaielewa. Ilijua watu wake. Sasa iweke karibu na The Babadook ya 2014. Nyumbani ilifunguliwa kwenye skrini 13 tu na ikaingiza kama robo milioni ya dola. Nje ya nchi ilisifiwa sana, na mapato yake duniani yakavuka dola milioni 10 za Marekani. Filamu ni ileile. Tofauti ilitokana na mahali wapenzi wa kutisha walipo na jinsi walivyofikiwa. Kwa hiyo ukishamtaja mtazamaji, andika pia anaishi wapi. Nchi ina watu kama milioni 27 tu, na filamu ya aina fulani inaweza kuwa na watazamaji wengi zaidi Texas au Manchester kuliko Queensland.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu zote zinazofuata zinaitegemea. Bajeti, msambazaji, tamasha, tarehe, bango, hata rangi ya bango, vyote vinatokana na jibu hilo.

Hatua ya 2: Jua fedha ya umma inadai nini

Screen Australia, wakala wa taifa aliyeanza kazi Julai 2008 baada ya taasisi tatu kuunganishwa, anasimamia nafuu ya kodi ya mtayarishaji iliyoanza 2007. Filamu ndefu iliyotengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema hurudishiwa asilimia 40 ya matumizi yanayokubalika yaliyofanyika Australia. Kazi nyingine, kama tamthilia za televisheni, hupata asilimia 30. Ili kuingia, filamu ndefu inahitaji matumizi yanayokubalika ya angalau dola 500,000 na lazima ipite kipimo cha kuwa ya Kiaustralia kweli: mada, mahali, uraia wa watendaji wakuu, na fedha zilikotumika. Njia nyingine ni kushirikiana rasmi na nchi yenye mkataba wa utengenezaji wa pamoja na Australia. Uingereza, Kanada na Afrika Kusini zimo katika orodha hiyo.

Kwa mfanyabiashara, neno la kuzingatia hapo ni "kumbi". Tofauti ya asilimia 40 na 30 kwenye matumizi ya dola milioni 3 ni dola 300,000. Ili kuipata, lazima uonyeshe kwamba filamu inatoka kwenye sinema kwa dhati, na ushahidi wa kawaida ni mkataba na msambazaji wa nchini. Ndiyo maana msambazaji huingia mapema, kabla hata ya upigaji picha. Tena fedha hiyo haitoki mwanzoni: unapewa cheti cha mwisho filamu ikikamilika, kisha unalipwa kupitia ritani ya kodi ya kampuni. Watayarishaji wengi hukopa kwa dhamana ya nafuu hiyo, kwa hiyo weka riba na ada za mkopo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Majimbo nayo yana mifuko yake: Screen NSW, VicScreen ya Victoria, Screen Queensland, Screenwest ya Australia Magharibi, na South Australian Film Corporation iliyoanzishwa 1972. Kila jimbo linataka fedha itumike kwake, basi usiombe la Perth huku mandhari yako yote iko Hobart.

Hatua ya 3: Chagua msambazaji kwa kuangalia alichokwisha kufanya

Kwenye soko la Australia na New Zealand, nchi mbili ambazo kwa kawaida huuzwa pamoja kama eneo moja, kuna tabaka tatu. Juu kabisa ni studio za Marekani zenye ofisi Sydney. Hizi huchukua filamu chache sana za wenyeji. Kati ni kampuni kama Roadshow, StudioCanal, Madman na Transmission, zenye uwezo wa kuweka filamu kwenye skrini mia na zaidi. Chini yake zipo ndogo zenye mapenzi makubwa: Umbrella, Bonsai, Maslow, Kismet, Sharmill, na Ronin ya Canberra iliyoanza miaka ya 1970.

Usivutwe na jina. Fungua orodha ya filamu za Australia walizotoa miaka 3 iliyopita. Zilifunguliwa kwenye skrini ngapi? Zilikaa wiki ngapi? Je, zinafanana na yako? Kisha wapigie simu watayarishaji wawili waliofanya nao kazi, uwaulize jambo moja hasa: taarifa za mapato zilifika kwa wakati? Ninaamini simu hizo mbili zina faida kuliko mikutano kumi ya kahawa. Msambazaji mdogo atakayekupa wiki 6 za nguvu zake zote anaweza kukufaa kuliko mkubwa atakayekuweka baina ya filamu mbili za Kimarekani na kukusahau Jumatatu.

Unapomwendea, peleka ukurasa mmoja wenye mtazamaji uliyemtaja, filamu tatu zinazofanana na yako na mapato yake, majina ya waigizaji, na watu au vyama vilivyo tayari kuibeba filamu. Muswada mzima aombe mwenyewe.

Hatua ya 4: Usome mkataba kwa kalamu na kikokotoo

Hapa ndipo watayarishaji wengi huumia, basi twende taratibu.

Tuseme filamu yako imeingiza dola 1,100,000 mlangoni. Magazeti yataandika "yavuka milioni", nawe utapongezwa. Ifuatilie fedha hiyo. Kwanza inatoka kodi ya bidhaa na huduma, asilimia 10 iliyoongezwa juu ya bei, na inabaki 1,000,000. Ukumbi unachukua sehemu yake. Mgawanyo hubadilika kila wiki, mwanzoni msambazaji akipata zaidi na baadaye ukumbi ukipata zaidi, lakini tuseme kwa wastani msambazaji anapata asilimia 40. Sasa tuna 400,000. Msambazaji anakata ada yake, tuseme asilimia 30, yaani 120,000. Zimebaki 280,000. Kutoka hapo anarudisha gharama za kutoa filamu: matangazo, trela, nakala za kidijitali, mabango, safari za waigizaji. Kama alitumia 300,000, bado anadai 20,000. Na kama alikulipa 100,000 mapema wakati wa kusaini, deni ni 120,000. Kwa tiketi ya dola 16 kwa wastani, watu karibu 69,000 wameiona filamu yako, na wewe hujapata hata senti mpya.

Hesabu hii si wizi. Msambazaji amebeba hatari kubwa, na filamu nyingi hazifiki hata huko. Lakini ukiijua, utajua la kugombea:

Wewe uanze kulipwa lini? Omba sehemu ndogo yako, hata asilimia 5 au 10 ya kinachobaki baada ya ada, ilipwe tangu dola ya kwanza hata kabla gharama hazijarudi. Wengine watakubali.

Gharama za kutoa filamu ziwe na kikomo kilichoandikwa, na kuzidisha kuhitaji saini yako. Pia ziwe na kiwango cha chini, maana msambazaji asiyetumia chochote hatakuletea mtu.

Hasara ya kumbi isihamishiwe kwenye mapato ya televisheni na mtandaoni bila mipaka. Wasambazaji wengi watasisitiza mapato yote yachanganywe katika kapu moja; ukishindwa kuzuia, angalau tenga haki moja nje ya kapu, kwa mfano maonyesho ya shule na jumuiya.

Muda uwe wazi: miaka 7, 10 au 15, kisha haki zirudi kwako. Weka pia kwamba haki zitarudi msambazaji akifilisika au akishindwa kuitoa filamu ndani ya muda fulani.

Haki ya kukagua vitabu vyake vya hesabu. Hata usipoitumia kamwe, iwepo.

Mlipe mwanasheria wa burudani. Wapo Sydney na Melbourne wanaofanya kazi hii kila siku, na ada yao iwe kwenye bajeti kama ilivyo ada ya mpiga picha.

Hatua ya 5: Panga tamasha kama sehemu ya mauzo

Tamasha lina kazi tatu: kumpata mnunuzi, kuwapata wahakiki, na kuanzisha maneno ya watu. Kwa filamu ya Australia, Sydney huwa Juni na Melbourne huwa Agosti. Melbourne ni kongwe, tangu 1952, na lina mfuko wake wa kuwekeza. Adelaide nalo lina mfuko wa aina hiyo. CinefestOZ, kule Busselton, Australia Magharibi, hutoa zawadi ya dola 100,000 kwa filamu moja ya Australia.

Talk to Me ya ndugu wawili wa Philippou ni somo zuri la ngazi hizi. Vijana hao walishajijengea hadhira kubwa YouTube. Filamu yao ilionyeshwa kwanza Adelaide Oktoba 2022, ikaenda tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2023, na huko kampuni ya A24 ikashinda shindano la kuinunua kwa Marekani. Julai 2023 ikatoka Australia na Marekani kwa wakati mmoja, na duniani ikavuna zaidi ya dola milioni 90 za Marekani. Walioiuza hawakuacha muda mrefu upite kati ya kelele za tamasha na siku ya kununua tiketi nyumbani.

Kosa linalojirudia ni kutumia onyesho la kwanza kwenye tamasha dogo wakati kubwa bado halijajibu. Matamasha makubwa hudai kuwa ya kwanza kwa dunia, kwa bara au kwa nchi. Andika mpangilio wako kwenye karatasi moja, kubwa juu, dogo chini, na usikubali la chini kabla ya la juu kukataa. Kosa la pili ni kuonyesha mara nyingi mno: filamu ya hadhira ndogo ikionyeshwa mara 4 Melbourne kwenye ukumbi uliojaa, watazamaji hao ndio wateja wako wa wiki ya kwanza na wameshaiona.

Kama filamu yako ina Kiswahili ndani yake, usisahau tamasha la Zanzibar, ZIFF. Halitakulipa gharama, lakini litakupa wahakiki na watazamaji wanaoisikia lugha bila maandishi ya chini.

Hatua ya 6: Kamilisha vifaa na uainishaji

Sehemu hii haina mvuto lakini ndiyo inayochelewesha malipo. Utahitaji DCP, yaani kifurushi cha kidijitali kinachosomwa na projekta za kumbi. Trela na bango. Picha za mnato zilizopigwa eneo la kazi na mpiga picha halisi. Orodha ya maneno yote yanayosemwa. Sauti ya muziki na milio peke yake ili nchi nyingine ziweke lugha zao. Maandishi ya wasiosikia na maelezo ya sauti kwa wasioona. Hati zote za umiliki kuanzia muswada hadi wimbo wa mwisho. Na bima ya kukukinga na madai ya haki. Picha za mnato ndizo husahaulika zaidi, na hazipatikani tena mandhari ikishabomolewa.

Filamu haiwezi kuonyeshwa kwa umma Australia bila kuainishwa chini ya sheria ya 1995, isipokuwa kwa misamaha kama ile ya matamasha. Ngazi za kumbi ni G, PG, M, MA 15+ na R 18+. M ni ushauri tu, lakini MA 15+ inamzuia mtoto wa chini ya miaka 15 asiyefuatana na mzazi au mlezi. Kwa filamu inayolenga wanafunzi wa sekondari, tofauti kati ya M na MA 15+ inaweza kufuta safari zote za shule. Ongea na mhariri wako kabla ya kukamilisha uhariri wa picha: tusi moja au pigo moja la kisu linaweza kuwa na bei hiyo.

Hatua ya 7: Chagua tarehe

Filamu Australia hufunguliwa Alhamisi. Tarehe 26 Desemba ni siku kubwa ya sinema, lakini mtayarishaji mdogo akiingia siku hiyo atakanyagwa. Januari ni kiangazi na likizo ndefu ya shule: nafasi nzuri kwa filamu ya familia, ingawa ndio msimu filamu zinazowania Oscar zinapojaa. Likizo nyingine huwa Aprili, Julai, na mwisho wa Septemba hadi Oktoba, na hazianzi siku moja majimbo yote, hivyo pata kalenda ya kila jimbo.

Ride Like a Girl ilitoka mwisho wa Septemba 2019. Inamhusu Michelle Payne, mwanamke wa kwanza kushinda Melbourne Cup akiwa mpanda farasi, mwaka 2015. Kwa kutoka wakati huo ilipata likizo ya shule mwanzoni, kisha msimu wa mbio za farasi ukielekea Jumanne ya kwanza ya Novemba, na nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za farasi bila kulipwa. Ilivuka dola milioni 11. The Dry nayo ilitoka tarehe 1 Januari 2021, wakati janga la Korona lilikuwa limezifanya studio za Marekani zirudishe filamu zao kubwa nyuma. Kumbi zilikuwa wazi na zina njaa ya picha. Ikavuka milioni 20. Nafasi kama hiyo haiji kila mwaka, lakini kila mwaka una wiki tupu, na msambazaji mzuri anazijua.

Hatua ya 8: Tangaza kwa miguu

Biashara ni matangazo, wanasema watu wetu, lakini huwezi kushindana na Marekani kwa kununua televisheni. Silaha yako ni watu wenyewe. Mwongozaji na waigizaji wako wako nchini, wanaweza kusimama mbele ya hadhira. That Sugar Film ya Damon Gameau ilizunguka mwaka 2015 na maonyesho yenye maswali na majibu, ikavuka dola milioni 1.5, kiasi kikubwa kwa filamu ya makala, huku ikiingia mashuleni kwa mpango wake wa elimu. The Turning ya 2013 ilitolewa kama tukio: ina mapumziko katikati na kijitabu cha maelezo mkononi mwa kila mtazamaji, nayo tiketi ikauzwa ghali kuliko kawaida. Hakuna aliyehisi amekwenda tu kuona picha.

Anza wiki 12 kabla. Trela itoke mapema kumbini, mbele ya filamu ambazo mtazamaji wako anaziona, maana hapo ndipo mtu mwenye tabia ya kwenda sinema anapopatikana. Meneja wa ukumbi ni mtu wa kutembelewa, kwa heshima na kwa mabango mkononi. Nova ya Carlton kule Melbourne, kumbi za Palace na Dendy, Luna ya Perth: hawa wanaijua hadhira yao kwa sura. Usidharau miji ya mashambani. Kumbi huru za huko mara nyingi ndizo pekee mjini, mwenye ukumbi ndiye anayekata tiketi, na akiipenda filamu atawaambia wote. Kule Broome, Australia Magharibi, ukumbi wa Sun Pictures inaonyesha filamu chini ya anga tangu 1916.

Kuna desturi ya Australia inayofaa sana: vyama vya hisani, shule na vilabu hukodi onyesho moja ili kuchangisha fedha, na vyenyewe ndivyo vinavyouza tiketi. Tafuta vyama 20 vyenye uhusiano na mada yako, uwape maonyesho ya kabla ya ufunguzi. Kwa filamu za jamii zetu, njia ni misikiti na makanisa, vyama vya wenyeji wa Congo na Burundi, na kipindi cha Kiswahili cha redio ya taifa SBS. Rosemary's Way ya 2020, filamu ya makala ya Ros Horin, inamhusu Rosemary Kariuki, mzaliwa wa Kenya aliyetunukiwa kuwa Shujaa wa Jamii wa Australia mwaka 2021. Filamu ya namna hiyo inabebwa na mikusanyiko ya akina mama, na gharama yake ni chai na muda.

Ukiwa na filamu yenye wenyeji asilia wa Australia, kuna wajibu zaidi. Screen Australia ina mwongozo wa taratibu za kufanya kazi nao, na unagusa hata matangazo: idhini ya jamii, matumizi ya hadithi zao, na tahadhari kabla ya kuonyesha sura au sauti ya marehemu. Ten Canoes ya 2006, iliyoongewa lugha za Arnhem Land, kaskazini mwa nchi, ilionyeshwa huko Ramingining kwa jamii iliyoitengeneza kabla ya kwenda tamasha la Cannes, na ilikuwa na toleo lenye msimulizi wa Kiingereza pamoja na toleo la lugha za wenyeji peke yake. Ule ulikuwa uungwana, na pia uliipa filamu mabalozi ambao fedha haiwezi kuwanunua.

Hatua ya 9: Alhamisi hadi Jumatatu

Biashara asubuhi, jioni mahesabu. Jumatatu baada ya ufunguzi, wapangaji wa kumbi hutazama tarakimu za wikendi na kuamua ni maonyesho gani yabaki kuanzia Alhamisi inayofuata. Wanachotazama hasa ni wastani wa kila skrini. Filamu iliyofunguliwa kwenye skrini 25 zilizojaa itaongezewa. Iliyofunguliwa kwenye 150 zilizo tupu itapewa saa 4 asubuhi, kisha haitaonekana tena. Ndiyo maana napendelea kuanza padogo na kupanuka, isipokuwa kwa filamu ya familia inayohitaji likizo nzima mara moja.

Wikendi hiyo weka mwongozaji kwenye kumbi zenye uzito, Ijumaa usiku na Jumamosi alasiri. Waombe marafiki wanunue tiketi sasa, wasisubiri Jumanne ya bei nafuu. Ikitokea ukumbi umekunyima nafasi kwa namna usiyoielewa, msambazaji wako anaweza kutumia kanuni za maadili za usambazaji na uonyeshaji zilizopo tangu 1998, zenye msuluhishi wa migogoro. Aghalabu simu ya adabu hutosha.

Hatua ya 10: Baada ya kumbi, na nje ya nchi

Zamani ilikuwa kawaida kungoja siku 90 kabla filamu haijafika majumbani kwa watazamaji; tangu Korona muda umefupishwa sana, na hujadiliwa filamu kwa filamu. Mpangilio wa kawaida ni kukodisha kidijitali kwa bei ya juu, kisha huduma za kulipia kila mwezi kama Stan au Netflix, kisha televisheni za umma, ABC na SBS. Mashirika ya ndege nayo hununua. Usiuze haki ya pekee kwa huduma moja kabla hujajua inafunga milango gani mingine.

Soko la elimu lina fedha ya polepole lakini ya kudumu. Chama cha walimu wa vyombo vya habari, ATOM, huandaa vitini vya kufundishia. Kanopy, iliyoanzishwa Perth 2008, huhudumia maktaba na vyuo. Jiandikishe pia Screenrights, inayokusanya malipo shule zinaponakili vipindi vilivyorushwa hewani. Watayarishaji wengi husahau fomu hiyo, na fedha yao inakaa ikiwasubiri.

Nje ya Australia utahitaji wakala wa mauzo, anayekwenda masoko ya filamu ya Berlin Februari na Cannes Mei kuuza nchi moja moja. Kamisheni yake huwa kati ya asilimia 15 na 30, na gharama zake za soko nazo ziwe na kikomo. Mwombe makadirio mawili kwa kila nchi, bei anayoitaka na bei ya chini atakayokubali, na umtake aeleze kwa nini. Mpe orodha ya nchi ulizokwisha kuuza mwenyewe ili msigongane.

Kila baada ya miezi 3 mwaka wa kwanza, na miezi 6 baadaye, taarifa ya mapato itafika, au inapaswa kufika. Ifungue siku hiyohiyo. Linganisha gharama na kikomo mlichoandika, angalia kama mauzo ya ndege na ya maktaba yameorodheshwa, na uliza kwa maandishi kila mstari usioeleweka. Andika kwenye kalenda, sasa hivi, siku ambayo haki zako zitarudi, na miezi 6 kabla ya siku hiyo tuma barua ya kuomba faili kuu, trela, bango na vifaa vyote virejeshwe kwako pamoja na hati ya kuthibitisha kwamba mkataba umekwisha.